Wageni Katika Shamba la Mizabibu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 23:24, Walawi 19:10 na 25:23, Yeremia 29:1-14, Mathayo 20:1-16

 

Mwezi huu tumechagua somo la shamba la mizabibu. Wengi wetu tumelisoma neno hili tangu utoto. Nuhu alipanda mizabibu baada ya gharika. Nabothi aliuawa kwa sababu ya shamba la mizabibu. Isaya aliimba habari za shamba lililozaa matunda mabaya, na Bwana Yesu alijiita mzabibu wa kweli. Lakini ukituuliza mzabibu unafananaje, wengi tutanyamaza. Kule kwetu tunajua migomba, mihogo, michikichi na kahawa. Ndiyo maana mara nyingine mifano ya Bwana hutupita juu juu, nasi tunasema "Amina" bila kuona kilichomo.

Mungu ametupa nafasi ya kuona. Sisi watumishi watatu tunaoandika ukurasa huu tulipata kibali cha kwenda semina karibu na Dodoma, katikati ya Tanzania. Ulikuwa mwezi wa nane. Vyumba vya mjini vilikuwa ghali, kwa hiyo waandaaji wakatupeleka kulala katika nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vinne, iliyo ndani ya shamba la mizabibu upande wa Hombolo. Tulilala hapo usiku tano. Hatuandiki haya ili kusifu divai, na neno juu ya pombe tutalisema huko mbele. Tunaandika kwa sababu katika shamba lile tulijifunza jambo moja ambalo sisi wakimbizi tunalihitaji sana: namna ya kuwa mgeni. Kwa maana mgeni anaweza kuwa baraka, na anaweza kuwa mzigo. Na mgeni aliyesahau kuwa ni mgeni anaweza kuwa hatari.

KITABU CHA WAGENI

Kila nyumba ya kulala wageni katika nchi hii ina kitabu kikubwa chenye mistari. Unaandika jina lako, kabila au taifa lako, kazi yako, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho na siku utakazokaa, kisha unaweka sahihi. Kwa msafiri wa kawaida ni kazi ya dakika mbili. Kwa mkimbizi kila mstari ni swali zito.

Unakotoka: je, tuandike kijiji tulichozaliwa, ambacho hatujakiona kwa miaka mingi, au tuandike makazini? Unakokwenda: nani anajua? Mwenzetu aliye mzee kuliko sisi alishika kalamu muda mrefu, kisha akamwuliza mama mwenye nyumba, "Mama, hapa niandike nini?" Yule mama akajibu bila kufikiri sana, "Baba, andika mahali utakapolala ukitoka hapa. Sisi hatuulizi zaidi ya hapo."

Wapendwa, jibu hilo lina hekima ya Biblia. Waebrania 11 inatuambia kwamba Abrahamu alipoitwa alitoka bila kujua aendako. Kama angepewa kitabu kile, angeacha mstari mmoja wazi. Lakini hakukaa kwa kuwa mstari ule ulikuwa wazi. Alipiga hema, akachimba visima, akajenga madhabahu, akakaribisha wageni chini ya miti ya Mamre.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika Walawi 25:23 Mungu anawaambia Waisraeli, watu waliokuwa wakingoja kupewa nchi yao wenyewe, kwamba ardhi isiuzwe kabisa kabisa, kwa kuwa ni mali yake yeye, na wao ni wageni wanaokaa kwake. Yaani hata mwenye hati ya shamba, mbele za Mungu, jina lake limo katika kitabu cha wageni. Sisi tunaitwa wakimbizi kwa kadi. Wenyeji wetu hawana kadi hiyo, lakini mbele za Mwenye nchi sote tumepanga. Basi asiwepo kati yetu anayejidharau kwa kuwa ni mgeni, wala asiwepo anayemdharau mwenzake.

MZABIBU NAO NI MGENI

Nchi ya Dodoma ni kavu. Ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi ya vumbi na upepo. Tulipofika, majani ya porini yalikuwa yamekauka, mibuyu imesimama haina jani. Lakini katikati ya ukame ule tuliona mistari ya kijani iliyofungwa kwenye waya na nguzo, na vichala vyeusi vimening'inia chini ya majani.

Mwenye shamba alitupitisha katika mistari. Alitueleza kwamba mzabibu si mti wa asili wa Ugogo. Uliletwa kutoka mbali, na katika Dodoma habari zake zinaanzia kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, katikati ya karne ya 20. Haukuletwa na mizizi yake wala na udongo wake. Mzabibu husafiri kama kijiti. Unakata kipande cha tawi chenye macho machache, unakifunga katika kitu chenye unyevu, unakibeba. Ukikiona hutadhani kina uhai. Ukikichomeka ardhini na kukimwagilia, kinatoa mizizi, na baada ya miaka miwili au mitatu kinazaa.

Leo watu wakienda Dar es Salaam wanaulizia zabibu za Dodoma. Hakuna anayeuambia mti ule urudi ulikotoka. Mgeni amepewa jina la mwenyeji, kwa sababu amelisha watu.

Ndugu mpendwa, wewe nawe huenda ulivuka mpaka kama kijiti. Ulikuja bila mizizi wala udongo, umebeba mtoto mgongoni na sufuria moja. Aliyekutazama siku ile hakuona uhai mwingi. Lakini Mungu hahitaji mti mzima ili aanze shamba. Anahitaji kipande chenye macho.

KISU CHA MKULIMA

Jambo jingine lilitushangaza. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha tu, unaendelea kutoa majani na matawi mengi, na matunda yanakuwa haba. Kinachouamsha uzae ni kisu. Mkulima anapogolea, anakata karibu matawi yote, mti unabaki kama kisiki kilichochomwa. Tangu siku hiyo anahesabu takriban miezi minne, kisha anavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kama mwezi wa pili na wa tatu, na tena mwezi wa nane na wa tisa.

Hapo tuliielewa Yohana 15 kwa namna mpya. Bwana anasema Baba ndiye mkulima, na tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa. Hata hivyo tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba vita vilivyotufukuza ni kisu cha Mungu. Waliochoma nyumba zetu na kuua jamaa zetu hawakuwa wakulima, walikuwa waharibifu, na Zaburi ya 80 inamlilia Mungu juu ya nguruwe mwitu anayeharibu mzabibu wake. Mkulima na nguruwe mwitu wote hukata matawi. Tofauti yao ni hii: mkulima habandui mkono wake, anarudi kesho na keshokutwa kutazama jicho lililochipuka. Baba yetu hakuleta uharibifu ule, lakini ameingia katika shamba lililoharibiwa, naye bado anatazama macho yaliyobaki.

SHERIA MBILI ZA SHAMBANI

Biblia ina sheria kwa ajili ya mgeni aliye katika shamba la mizabibu. Ziko mbili, na zinatembea pamoja kama miguu miwili.

Sheria ya kwanza ni ya mwenye shamba. Walawi 19:10 inamkataza kuchuma mpaka mwisho. Zabibu zilizopukutika na vichala vilivyosalia awaachie maskini na mgeni. Shambani kule wachumaji waliamka kabla ya jua, kwa kuwa zabibu zikichumwa wakati wa joto huharibika upesi. Walikata kwa visu vidogo, wakajaza makreti. Jioni tuliwaona watoto wa jirani wakipita katika mistari ileile kuokota vilivyobaki, wala hakuna aliyewafukuza. Hatukumwuliza mwenye shamba kama anafanya hivyo kwa ajili ya Walawi. Alikuwa anafanya tu.

Sheria ya pili ni ya mgeni. Kumbukumbu la Torati 23:24 inamruhusu anayepita katika shamba la mwenzake kula zabibu hata ashibe, lakini asitie hata moja katika chombo chake. Angalieni jinsi Mungu alivyo na haki pande zote. Njaa ya mgeni inaheshimiwa, na jasho la mwenyeji linaheshimiwa. Tumbo lako una ruhusa nalo. Kikapu chako huna ruhusa nacho.

Wapendwa, sheria hii ya pili inatugusa. Tunajua manung'uniko yaliyopo kati yetu na vijiji vinavyotuzunguka. Wenyeji wanasema misitu yao inakwisha kwa kuni zetu. Wanasema mihogo yao inachimbwa usiku. Sisi nasi tunasema akina mama wetu wanapigwa na hata kudhalilishwa wanapokwenda kutafuta kuni, na kwamba vibarua wetu wanalima wiki nzima kisha wanafukuzwa bila malipo. Malalamiko ya pande zote yana ukweli ndani yake. Anayemdhulumu kibarua kwa kuwa hana kibali, Mungu anamwona, na Yakobo 5:4 inasema kilio cha mshahara ule kinafika juu. Lakini anayeingia shambani usiku na gunia, naye asijifiche nyuma ya neno "mkimbizi". Njaa inaeleweka. Gunia si njaa.

MGENI SIKU MBILI

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wanaidhani methali hii ni ya kumfukuza mgeni. Sivyo. Ni ya kumpa heshima. Mtu aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumbani.

Siku ya tatu, semina ilipomalizika mapema, mwenzetu kijana alimwomba mwenye shamba jembe na kisu. Alikataa kwanza. "Ninyi ni wageni wangu, tena watumishi wa Mungu." Tukamkumbusha methali, akacheka, akatupa mstari mmoja tuchume. Jioni ile tulikula ugali pamoja na wachumaji, na mazungumzo yakawa mengine. Hawakutuuliza tena habari za vita. Walituuliza kwetu tunapanda nini.

Hili ndilo Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yekonia. Walikuwa watu waliokaa juu ya mizigo iliyofungwa. Nabii mmoja, Hanania, alitangaza kwamba miaka miwili tu na kila kitu kitarudi. Watu hupenda nabii wa namna hiyo. Yeremia aliandika barua ngumu zaidi: jengeni nyumba mkae ndani, limeni bustani mle mazao yake, oeni na mwoze watoto wenu, tena muutafute usalama wa mji mlipo na kuuombea, kwa kuwa mji ukiwa na amani, nanyi mtakuwa na amani. Kisha akawaambia ni miaka sabini.

Sisi nasi tuna akina Hanania. Kila mwaka kuna mtu anayejua kwa hakika: mwaka huu tunarudishwa wote, au mwaka huu majina yametoka, tunakwenda Marekani, Kanada, Australia. Kwa maneno hayo kijana anaacha shule, maana kwa nini asome na yuko karibu kuondoka? Baba hatengenezi paa, maana tutaondoka kabla ya masika. Mama anauza mbuzi. Kisha masika yanafika, nao wapo, paa linavuja, mbuzi hayupo, kijana amekaa barabarani. Wako kati yetu waliofika mwaka 1996 wakati wa vita vya Kongo wakiwa watoto wa kubebwa, na leo wana watoto wao wenyewe. Kama mtu angepanda mwembe mwaka ule, wajukuu wangekuwa wanakula embe.

Kupanda si kusema hatutarudi. Yeremia huyohuyo aliyesema pandeni ndiye aliyeahidi kurudi, katika sura hiyohiyo. Mtu anaweza kumwagilia mche asubuhi na kuomba habari za kwetu jioni. Wala kupanda si kuvunja sheria. Tunajua sehemu nyingine hatuna ruhusa ya kulima mashamba, na hatumshauri mtu kwenda kinyume na taratibu za makazi. Lakini mchicha katika gunia lililojazwa udongo, mpapai nyuma ya nyumba, ufundi wa cherehani, mtoto anayejua kusoma, hayo yote ni mashamba. Tena mengine yanabebeka. Mtoto aliyefundishwa ni kijiti chenye macho. Popote atakapochomekwa atazaa.

BONDE LA WAKIMBIZI WALIOSAHAU

Sasa tuseme neno la onyo. Liko bonde jingine la mizabibu, mbali sana kusini, ambalo habari zake zatuhusu moja kwa moja, maana lilipandwa na Wakristo wakimbizi.

Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta sheria ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wao wakaamriwa kuondoka, na waumini wakazuiwa hata kukimbia. Hata hivyo maelfu kwa maelfu walitoroka usiku, kwa miguu na kwa mashua, kama sisi. Waliitwa Wahugenoti. Wachache wao, chini ya 200, walichukuliwa na meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki hadi Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Wengi wao walifika mwaka 1688. Walipewa ardhi katika bonde ambalo baadaye liliitwa Franschhoek, maana yake kona ya Wafaransa. Walipanda mizabibu, na mashamba mengine ya pale hadi leo yana majina ya Kifaransa. Nyumba za zamani za baadhi ya mashamba hayo ni nyumba za wageni, na watu wa nchi nyingi hulipa fedha nyingi kulala humo na kutazama milima.

Mpaka hapo ni ushuhuda mzuri. Walipoteza kila kitu kwa ajili ya imani, wakapanda, Mungu akawabariki. Lakini habari haiishii hapo.

Ardhi waliyopewa haikuwa tupu. Wakhoikhoi walikuwa wakichungia ng'ombe na kondoo katika mabonde yale kabla yao, na kampuni iliyoigawa haikuwa mwenye ardhi. Tena kazi ya mashamba ya Rasi ilifanywa na watumwa, watu waliokamatwa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, wakaletwa kwa meli. Miongoni mwa wenye mashamba waliowanunua walikuwamo wakimbizi wale na watoto wao. Utumwa ulifutwa pale mwaka 1834, na watumwa wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838. Hata baada ya hapo vibarua wengi walilipwa sehemu ya mshahara kwa divai, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Desturi hiyo ilikatazwa kwa sheria katika miaka ya 1960, lakini katika mashamba mengine iliendelea hadi miaka ya 1990. Matunda yake bado yanaonekana: jimbo lile ni kati ya mahali duniani ambapo watoto wengi wamepatikana wakiwa wameathirika akili na mwili kwa sababu mama alikunywa pombe akiwa mjamzito.

Tafakarini, wapendwa. Watu waliojua maana ya kubomolewa kanisa, waliojua maana ya kukimbia usiku na mtoto mdomo umezibwa asilie, wao na watoto wao waliweza kumnunua mtoto wa mwingine. Haikuwa kwa sababu walikuwa wabaya kuliko sisi. Walisoma Biblia ileile. Ilitosha tu kusahau. Ndiyo maana Mungu aliwaambia Israeli mara nyingi wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema. Mateso yanayokumbukwa mbele za Mungu ndiyo yanayolainisha moyo.

DINARI MOJA

Je, sisi tuna watumwa? Hatuna. Lakini tazama foleni ya maji. Wako wanaosema, "Sisi ni wa 1996, ninyi mmefika juzi, subirini." Waliofika mwaka 2015 kutoka Burundi waliambiwa hivyo, na leo baadhi yao wanawaambia hivyo waliofika baada yao. Yuko mwenye kibanda cha biashara anayemkopesha mgeni unga, kisha anashika kadi yake ya mgao mpaka amlipe mara mbili. Yuko anayemchukua binti yatima kuwa mfanyakazi wa ndani, anampa chakula tu, na kuuita huo msaada. Bonde la Franschhoek linaanza hivyo, kidogo kidogo.

Bwana Yesu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kuajiri vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunahesabu saa kama Biblia inavyohesabu, kwa hiyo tunaelewa vizuri. Wa saa kumi na moja alibakiwa na saa moja tu kabla ya giza. Jioni wote walipewa dinari moja, mshahara wa kutwa, kiasi cha kulisha nyumba siku hiyo.

Wa alfajiri walinung'unika. Hawakuwa wamedhulumiwa. Walikasirika kwa kuwa wengine wamefanywa sawa nao. Lakini mwenye shamba alijua kwamba tumbo la mtoto wa kibarua wa jioni ni sawa na la mtoto wa kibarua wa asubuhi. Basi, wewe uliyefika zamani, neema iliyokupokea ni ileile inayompokea aliyeshuka kwenye lori jana. Umri wako makazini hauwi hati ya kumiliki shamba.

NENO JUU YA POMBE

Tuliahidi kusema neno hili. Katika shamba lile hatukunywa divai. Tulikula zabibu, na asubuhi tulipewa maji yake mabichi, matamu sana. Hatumhukumu mkulima wa Dodoma anayesomesha watoto kwa zao hilo. Lakini habari za kikombe cha asubuhi kule Rasi zatosha kutuonya. Gongo inayopikwa usiku katika kanda zetu inakula mgao wa watoto. Unga unauzwa tarehe moja, na tarehe tano nyumba ina njaa na mama ana jeraha usoni. Kina mama wajawazito, tunawasihi kwa upendo, msinywe kabisa. Mtoto aliye tumboni ni mgeni wako wa kwanza. Mpokee vizuri.

TUFANYE NINI BASI?

Kwanza, kila nyumba ipande kitu kimoja msimu huu, hata kama ni katika gunia. Anayedhani ataondoka kabla ya kuvuna, amwonyeshe jirani mahali alipopanda, ili avune kwa niaba yake.

Pili, kila kanda ichague nyumba mbili za kupokea waliofika karibuni, kuwaonyesha bomba, zahanati, shule na kanisa, bila kuwadai kitu.

Tatu, wazee wa kanisa wakutane na viongozi wa dini wa kijiji jirani, wazungumze habari za kuni na vibarua uso kwa uso. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukienda, tuende na jembe mkononi, si na malalamiko tu.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ungepewa kitabu cha wageni leo, ungeandika nini mahali pa "unakokwenda"? Kwa nini?
2. Ni kitu gani umeacha kukipanda au kukianza kwa sababu unangoja kuondoka?
3. Katika kanda yenu, ni nani wa saa kumi na moja? Amepokelewaje?

TUOMBE

Ee Baba, Mkulima mwema, nchi ni yako, nasi ni wapangaji wako. Tunakushukuru kwa watu waliotupokea, na kwa mvua inayonyesha juu ya mahema yetu kama juu ya nyumba zao. Uwakumbuke walioachwa nyuma, na makaburi tusiyoweza kuyatembelea. Utupe nguvu ya kupanda tusipojua nani atavuna. Utuzuie tusije tukawatenda wengine kama tulivyotendwa. Na siku ile utakapotuita nyumbani, iwe ni ng'ambo ya ziwa au ni kwako juu, tukute tumeacha nyuma yetu mti wenye kivuli. Kwa jina la Yesu Kristo, mzabibu wa kweli. Amina.